Siku moja maishani mwangu: refa wa makundi ya Ijumaa, Evo 2023

Saa kumi na mbili asubuhi

Ijumaa, tarehe 4 Agosti 2023, Las Vegas. Nje ni jangwa la Nevada katikati ya kiangazi, lakini mkobani naweka jaketi. Mgeni hucheka, ila akishakaa saa sita ndani ya ukumbi wenye kiyoyozi kikali huanza kuulizia nguo za kuazima. Maji, chaja, kalamu mbili, peremende za koo. Kazi yangu leo ni kuita watu majina kutwa nzima, na koo ndiyo huanza kuchoka kabla ya miguu.

Ukisikia "refa wa Evo", yale mashindano makubwa ya gemu za kupigana, unaweza kudhani nimesimama jukwaani, taa zinaniwakia na kamera zinanifuata. Wapi! Jukwaa ni la Jumapili na lina wenyewe. Mimi ni wa Ijumaa, kwenye meza za makundi ya awali, na nikupe msimamo wangu mapema: mashindano yenyewe yako huku. Jumapili ni sherehe yake.

Saa moja na nusu

Tumeshaingia ukumbi wa maonyesho wa Mandalay Bay. Meza zimepangwa safu kwa safu hadi macho yanachoka, na kila moja ina PlayStation 5, monita na viti viwili. Tunawasha mashine moja moja. Sauti inatoka? Waya umekaza? Monita iko kwenye hali ya gemu, au kuna mtu ameiacha kwenye zile rangi za kutazamia sinema? Hili si suala la urembo. Gemu hizi huenda fremu 60, yaani picha 60, kwa sekunde, na kuna mapigo ambayo nafasi ya kuyajibu ni fremu chache tu. Monita ikichelewesha picha kidogo, mchezaji mzuri anaonekana mzembe, na wa kwanza kulaumiwa ni wewe uliyesimama karibu.

Kisha naanza kuwinda pedi, yaani vidhibiti vya mkononi, zisizo na waya. Kila mashine naikagua kama kuna pedi ya jana iliyobaki imeunganishwa, kisha naikata kwenye mashine. Ukilipuuza hili saa mbili asubuhi, litakutafuta mchana.

Saa nne kamili

Milango iko wazi na kundi la kwanza la Street Fighter 6 limefika. Gemu lenyewe lina miezi miwili tu, lilitoka tarehe 2 Juni, na waliojiandikisha wamepita 7,000. Rekodi ya zamani ya gemu moja hapa ilikuwa ya Street Fighter V mwaka 2016, watu zaidi ya 5,000. Mambo haya yalianza mwaka 1996 kule Sunnyvale, California, wakati huo yakiitwa Battle by the Bay, kwenye ukumbi wa mashine za sarafu, na washiriki wapatao arobaini. Jina la Evo likaja 2002.

Sasa nisaidie hesabu, maana ndiyo inayonifanya nitembee mbio. Mtu hatoki hadi apoteze mapambano mawili. Akipoteza la kwanza anashushwa upande wa waliopoteza, akipoteza la pili anafunga mkoba. Kwa hiyo watu 7,000, wote isipokuwa bingwa, lazima wafungwe mara mbili mbili. Kabla ya kutoa wasiotokea, ni karibu mapambano 14,000 ya gemu moja, na mwaka huu gemu ziko nane. Yote hayo yaishe ndani ya siku tatu. Kila kundi limepewa saa mbili, na wenzao wa kundi linalofuata wameshaanza kujipanga nyuma ya viti.

Hesabu ya pili ni chungu zaidi. Raundi ya kwanza nusu wanapoteza. Na nusu ya hao wanapoteza tena. Yaani takriban robo ya watu wote waliopanda ndege na kulala hotelini wanatolewa bila kushinda hata pambano moja. Sifuri kwa mbili. Hakuna kamera inayowaonyesha hao, na kwenye kundi langu mimi ndiye ninayewaambia, "Pole, umeshatoka."

Majina nayo ni mtihani. Watu hujisajili kwa majina ya ulingoni, na mengine walijibandika wakiwa na miaka kumi na tatu usiku wa manane. Ukiyatamka kwa sauti mbele ya halaiki unaona haya wewe, si wao. Naita mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Asipotokea ndani ya muda, anaondolewa. Wengi wao wako foleni ya msalani.

Saa sita na nusu mchana

Kundi la pili, na ndilo lililonila akili.

Wanacheza kijana mmoja aliyechagua mhusika Cammy na mzee kidogo aliyechagua Zangief, mvi kwenye ndevu, mkononi ana stiki, kidhibiti cha fimbo na vitufe, iliyochakaa hadi maandishi ya vitufe yamefutika. Wamegawana mechi moja moja. Raundi ya mwisho ya mechi ya tatu, damu za wote wawili, ile mistari ya uhai kwenye skrini, zimebaki nyuzi. Zangief anasogea nusu hatua, anasimama, anasogea tena. Anayecheza Cammy ameacha kupumua, namwona kifua hakipandi. Watu sita wameinama nyuma yao.

Skrini ikasimama. Menyu ya kusitisha mchezo imejitokeza katikati.

Kanuni inajulikana: anayesitisha mchezo anapoteza raundi. Wote wawili wakainua mikono juu kama watu waliokamatwa. "Si mimi!" "Wala si mimi!" Vifaa vyao nilikuwa naviona, mmoja ana stiki yenye waya, mwingine pedi yenye waya. Nikageuka nyuma. Kumbe kuna kaka aliyekwishatolewa kwenye mashine ileile nusu saa iliyopita, amesimama anatazama, mkoba begani. Nikamwomba aufungue. Pedi yake ilikuwa ndani inawaka taa. Alicheza kwa waya lakini hakuikata kwenye mashine, na chupa ya maji ilikuwa imelalia kitufe.

Hapo kanuni inakuachia wewe uamuzi. Aliyesitisha si mchezaji, basi huwezi kumnyang'anya raundi mtu asiye na kosa. Nikaagiza raundi ile irudiwe tangu mwanzo. Wa Zangief hakufurahi, kwa sababu alikuwa amekwishamsukuma mwenzake ukutani, na nafasi kama hiyo Zangief huitafuta kwa jasho. Alinitazama, akatazama skrini, akasema tu, "Sawa, refa." Wakarudia. Akashinda. Ningekuwa muongo nikisema sikufurahi moyoni.

Mwenye mkoba alituomba radhi hadi tukachoka sisi.

Saa nane na nusu

Mchana huu nimesikia ubishi uleule kwenye meza tatu tofauti: wale wanaotumia vidhibiti vya kisasa, ambapo pigo maalumu hutoka kwa kitufe kimoja, wanaonea wenzao? Jibu langu ni hapana. Gemu lenyewe linapunguza nguvu ya pigo maalumu lililotoka kwa njia hiyo fupi, na mtumiaji anakosa baadhi ya mapigo ya kawaida. Kila aliyenilalamikia alikuwa ametoka kufungwa dakika hiyohiyo.

Kuna ubishi wenye maana zaidi, wa zile mbao za vitufe vitupu zisizo na stiki. Kwenye stiki huwezi kwenda kushoto na kulia kwa wakati mmoja. Kwenye ubao unaweza kubonyeza vyote viwili, na jinsi ubao unavyoitafsiri amri hiyo inaweza kukupa faida ambayo mwenye stiki haipati kamwe. Ndiyo maana kuna kanuni kuhusu vifaa, na ndiyo maana vitufe vinavyojirudia vyenyewe au vinavyotoa mfululizo wa amri kwa mguso mmoja ni marufuku moja kwa moja.

Katikati ya yote hayo, safu ya pili kutoka kwangu umati umejaa ghafla. Mchezaji maarufu amekaa kwenye kiti cha plastiki kama wengine, na anayecheza naye ni mtu asiyejulikana kabisa, vidole vinamtetemeka. Evo haina mchujo wa kuingilia. Ukilipa ada na kujisajili, mchoro wa mapambano unaweza kukutupa kwa bingwa saa nne asubuhi. Ni sawa na mchezaji wa mchangani kuamka akaambiwa leo unacheza na timu ya taifa, beba viatu.

Yule kijana alipigwa mbili bila. Lakini katika mechi ya pili alichukua raundi moja, na ukumbi ule ulilipuka utadhani ametwaa kombe. Bingwa mwenyewe alimpa ngumi ya salamu na kumwonyesha kwa mkono alipokosea kukinga. Hii ndiyo inayoniletea watu wa sifuri kwa mbili kila mwaka. Wanatoka wamejua kitu.

Tangu 2004 kila mtu hapa anajua dakika ileile: mchezaji Daigo Umehara, mhusika wake Ken amebaki na damu ya kwisha kwa pigo lolote, mpinzani wake Justin Wong anaachia pigo kuu la mhusika wake Chun-Li, na Daigo anayapangua mapigo yote moja baada ya jingine kisha anamaliza. Wakati huo mashindano yalikuwa chuoni Cal Poly Pomona. Wengi husahau kwamba ile haikuwa fainali kuu. Ilikuwa fainali ya upande wa waliopoteza. Na Daigo hakuchukua taji siku ile.

Saa kumi na mbili jioni

Kundi langu la mwisho limekwisha. Nakagua matokeo kwenye simu, nalinganisha na karatasi yangu, nakabidhi. Miguu haipo. Taji la gemu hili litaamuliwa Jumapili kwenye uwanja wa Michelob Ultra, ndani ya hoteli humuhumu: AngryBird wa Falme za Kiarabu atamfunga MenaRD wa Jamhuri ya Dominika. Usiku huu hakuna anayelijua hilo, na kwenye foleni ya chakula kila mtu ana bingwa wake.

Saa nne usiku

Ningelala, lakini napita kwanza sehemu ambayo watu huleta mashine zao wenyewe. Hakuna mchoro, hakuna refa, hakuna saa mbili za kukimbizana. Waliotolewa mchana wamejaa humu, na wengine wanacheza na haohao waliowatoa.

Mzee wa Zangief yupo. Aliniona na kibandiko changu cha refa bado kifuani, akasogeza kiti kwa mguu.

"Refa, na wewe hucheza au unaitaga majina tu?"

Nikaazima pedi, nikakaa. Alinipiga tatu bila, na ya tatu hakuniacha hata niinuke nilipoanguka. Akageuka kuwaita walio nyuma, kwa sauti yangu kabisa: "Anayefuata!"