Namna nilivyochagua silaha, uchawi na vifaa vya kuingilia Mistlands

Anayecheza Valheim, mchezo wa kompyuta uliotolewa mwaka 2021 na kampuni ya Iron Gate ya Sweden, hufika Mistlands akiwa tayari na vyombo vya chuma cheusi, deraya nzuri na ujuzi wa silaha alioujenga kwa muda mrefu. Sehemu hiyo, iliyoongezwa mwezi wa Desemba 2022, humlazimisha azipange upya hesabu zake zote. Mimi nipo Wete, na mtoto wa ami yangu yupo Chake Chake. Tulikuwa tukiingia mchezoni baada ya sala ya Isha, kila mmoja kwa bando lake, na tangu mwanzo tuliona kwamba kabla ya kuuliza ni upanga gani unaokata zaidi, ilitupasa tuiulize ardhi yenyewe inataka nini, kwa kuwa ukungu wake unaziba macho, majabali yake yanamaliza pumzi, na mtu anaweza kufa kwa kuporomoka bondeni kabla adui hajamgusa.

Kifaa cha kwanza tulichokipa umuhimu ni Wisplight, kijitufe cha nuru kinachomwandama mchezaji na kuusukuma ukungu pembeni. Hufanya kazi kama karabai ya wavuvi wa dagaa: unauona vizuri mduara uliokuzunguka, na nje ya mduara huo unategemea masikio. Lakini Wisplight hukaa katika nafasi ileile ya vazi inayotumiwa na mkanda wa Megingjord, ule unaoongeza uwezo wa kubeba kutoka 300 hadi 450, na viwili hivyo haviwezi kuvaliwa kwa pamoja. Maana yake, anayetaka kuona hana budi kupunguza mzigo. Kwa hiyo nilikuwa nikiuweka mkanda sandukuni kando ya lango la kambi, naingia ukunguni na vitu vichache, narudi kabla sijaelemewa, na tukipata jabali la marumaru nyeusi lililo karibu na kambi ndipo tunapoweka mienge ya kufukuza ukungu, nauvua mwanga, navaa mkanda na kuchimba kwa utulivu.

Upande wa silaha nilichagua atgeir, ule mkuki mrefu wenye bapa la kukata, ingawa watu wengi niliowasikia huusifu zaidi upanga. Seeker, wale wadudu wakubwa wenye mbawa, mara nyingi hawaji mmoja mmoja, na pigo la pili la atgeir huzunguka pande zote na kuwayumbisha waliokuzingira, jambo linalokupa nafasi ya kupumua au kukimbia. Kwa mbali nilichukua upinde, kwa sababu Gjall, kiumbe mkubwa wa huko, huelea juu na kutema moto, na mwenye atgeir peke yake atabaki kumtazama tu. Siku tunayojua kwamba tutapita anapozurura, tulikunywa kwanza kinywaji cha shayiri kinachopunguza madhara ya moto. Nguvu ya Bonemass, ile mchezaji anayoipata kwa kumshinda jitu la jina hilo, ambayo kwa dakika 5 hupunguza mapigo ya kukata, kuponda na kudunga na kisha husubiriwa kwa dakika 20, niliihifadhi kwa wakati ambao wadudu wametuzunguka na njia ya kurudi haionekani. Sikuiwasha hata mara moja kwa adui mmoja.

Uchawi ndio uliotuchukulia mazungumzo marefu zaidi, na nadhani ndipo penye uamuzi mzito kuliko pote. Mtu huona fimbo ya moto ikiwaka na kudhani kwamba ameongeza silaha tu, kumbe anachobadilisha hasa ni chakula. Mchezaji ana nafasi 3 za chakula. Bila kula, uhai wake ni 25, pumzi yake ni 50, na eitr, ambayo ndiyo nguvu inayoendesha fimbo, ni sifuri. Uji wa Yggdrasil humpa eitr 80, lakini uhai anaoupata kwenye uji huo ni 27 tu, ilhali Misthare supreme, mlo wa nyama ya sungura, huongeza uhai 85. Anayejaza nafasi mbili kwa vyakula vya eitr, basi, anautoa sehemu kubwa ya uhai wake, na hasara hiyo haiishii kwenye kufa upesi. Kiasi cha pigo ambacho mwili unaweza kulihimili bila kuyumba hupimwa kwa uhai wote wa mchezaji, hivyo mchawi mwenye ngao atakinga pigo mara moja na kupepesuka, pale ambapo mwenzake aliyekula nyama angesimama imara. Tena ujuzi wa uchawi huanzia sifuri wakati ule wa mikuki na pinde umeshapanda, na kila kifo huupunguza ujuzi wote kwa asilimia 5.

Ndiyo maana sikuunga mkono mpango wa kila mmoja wetu kuwa nusu mchawi na nusu askari. Nilimwambia mtoto wa ami, "Kaka, wewe kula eitr, mimi nile nyama, nikae mbele yako." Alikubali, na tangu hapo chakula chetu kiligawanywa kabla ya silaha.

Eitr yenyewe hupatikana kwa taabu: utomvu wa mizizi ya kale na tishu laini za mafuvu ya majitu huingizwa katika mtambo ambao hurusha cheche za kudhuru walio karibu, kwa hiyo tuliujenga mbali na vitanda. Ile ya mwanzo iliyosafishwa, baada ya kujenga meza ya uchawi, sikutaka iende kwenye fimbo. Niliomba tutengeneze joho la manyoya, linalohitaji eitr 20, manyoya 10 na ngozi 5 za magamba, kwa kuwa anayelivaa hushuka taratibu badala ya kuanguka, na katika nchi ya majabali hilo hukufungulia njia ambazo hapo awali ulilazimika kuzizunguka. Fimbo zilifuata, kila moja kwa eitr 16: Staff of Frost kwanza, kwa sababu baridi yake hupunguza mwendo wa adui, na Staff of Embers baadaye, kwa ajili ya makundi. Staff of Protection, inayomfunika aliyeishika na wenzake walio karibu kwa ngao ya nuru, hula uhai pamoja na eitr, hivyo mtoto wa ami aliitumia kabla ya kuingia vitani, akasubiri uhai urudi, ndipo tukasogea.

Mpangilio huo ulionyesha thamani yake kamili katika migodi ya wadudu, tulikofuata viini vyeusi zaidi, vinavyohitajika kujengea mitambo na meza kama hizo. Mle ndani hakuna ukungu, kwa hiyo Wisplight tuliivua mlangoni na kuvaa mikanda. Njia ni nyembamba, nami nilisimama mbele na ngao ya nuru mwilini, atgeir ikiwazuia Seeker wasipite, huku barafu ya mwenzangu ikipita ubavuni mwangu na kuwapunguza kasi kabla hawajanifikia.