Nilivyorudishiwa kodi ya matibabu ya gego

Nafanya kazi hoteli moja ya kaskazini ya Unguja. Mwajiri wetu humlipia kila mfanyakazi, mkubwa kwa mdogo, matibabu yasiyozidi shilingi 500,000 kwa mwaka. Gego langu lilipooza hadi ndani, daktari alinipa mawili: ling'olewe, au lisafishwe mizizi, lizibwe na kuvishwa kofia, yaani gamba gumu la kulifunika. Mama alinishangaa. "Mwanangu, una mengine thalathini na moja!" Mimi nikataka nibaki nalo.

Mume wangu ni mwalimu wa skuli ya Serikali, anachangia ule Mfuko wa Huduma za Afya Zanzibar ulioundwa kwa sheria ya 2023, na kadi yake hutufaa watoto wakiugua. Lakini daktari niliyemtaka hakuwa na mkataba na Mfuko. Nikageukia kazini. Gharama zote zilikuwa 450,000, wakalipa.

Mwisho wa mwezi, salari slipu ikanionesha zile 450,000 zimejumlishwa kwenye mshahara. Mshahara wangu umeshavuka milioni moja, na kinachozidi hapo hukatwa asilimia 30. Zikanipotea 135,000, kodi ya jino!

Mhasibu wetu ni mtu mzima, nilimwendea kwa adabu. "Shikamoo mzee, naomba tuitazame hii." Akaniambia niende ZRA, Mamlaka ya Mapato ya Zanzibar. Hapo nikajua tuna safari ndefu, maana kodi ya mapato ni jambo la Muungano, hata huku kwetu inasimamiwa na TRA, Mamlaka ya Mapato Tanzania. Nikamfungulia kwenye simu Sheria ya Kodi ya Mapato ya 2004, kifungu cha 7: matibabu anayolipiwa mfanyakazi, mwenza wake na watoto wao wasiozidi wanne hayahesabiwi kuwa mapato yake, mradi mwajiri anatoa bila ya ubaguzi kwa wafanyakazi. Akavaa miwani, akasoma mara mbili.

"Sawa mwanangu, lakini kofia si urembo hiyo?"

Suali la haki, na jibu sikuwa nalo mkononi. Nilirudi kwa daktari akaniandikia barua fupi: gego lililooza na kutolewa mshipa hubaki dhaifu kwa sehemu iliyochimbwa, linaweza kupasuka likitafunia bila ya kofia. Nikaibandika pamoja na risiti yenye jina langu na kila huduma na bei yake, na ukurasa wa kanuni za kazi unaosema stahili hiyo ni ya wote. Ukurasa ule, naona, ndio uliomaliza ubishi. Mwezi uliofuata makato yakarekebishwa.

Ningelilipa mwenyewe mfukoni, nisingepata kitu. Sisi waajiriwa hatupunguziwi kodi kwa kuonesha risiti zetu za hospitali.

Sasa mwenzangu wa mapokezi, mwenye watoto watano, ananiuliza amwache yupi. Nimemwambia awakague meno kwanza.