Zabibu za Oma

"Mama, siki ya nini tena kwenye kitu kitamu?" Binti yangu aliniuliza hivyo Jumamosi, kijiko kikiwa mkononi mwangu, nikitengeneza strudel, yaani matufaha yaliyoviringishwa ndani ya unga mwembamba yakaokwa. Nikamjibu upesi: siki huulegeza unga, ukivutwa usikatike. Jibu ni sahihi, ila mwenye jibu ni Oma, ndivyo Wajerumani wamwitavyo bibi, na tangu siku hiyo Oma hanitoki akilini.

Wakati huo nilikuwa Bavaria, kusini mwa Ujerumani, kazi ndiyo iliyonipeleka kule. Oma alikuwa mama wa mwajiri wangu, anakaa chini, sisi tunakaa juu. Tulipishana kwenye ngazi, "Grüß Gott", salamu ya kule, naitikia, basi. Hakuwa mkali, maneno kwake yalikuwa machache tu.

Vuli ile, matufaha ya Boskoop yalipojaa ghalani, aliniita jikoni kwake kwa ishara ya mkono. Boskoop lina ganda la kahawia lenye kukwaruza, na uchachu wa kukunja uso. Ndilo wanalolitaka kwa strudel, kwa sababu tufaha tamu likiokwa halina la kusema. Mezani aliweka unga gramu 250, chumvi kidogo, vijiko viwili vya mafuta, kijiko kidogo cha siki na maji ya uvuguvugu. Yai hakutia. Kisha akanionyesha vidole vyake. Baridi yabisi ilikuwa imevipinda vyote. Akaigusa mikono yangu, nikaelewa nimeitiwa nini.

Kukanda sikuhitaji kufundishwa, chapati za nyumbani Tanga zilishanifundisha. Nilikanda na kulipigapiga donge mezani hadi likawa laini kama ndewe ya sikio. Akalipaka mafuta, akalifunika na bakuli lililopashwa moto, lipumzike nusu saa. Tukamenya matufaha. Akakaanga chenga za mkate mkavu kwa siagi, hizo ndizo hunywa maji ya matufaha ili unga usilowe. Zikabaki zabibu kavu. Akatoa kabatini chupa ya ramu, kileo kile, akaifungua, akanitazama, akautazama mtandio wangu. Akaifunga tena, akairudisha mahali pake. Zabibu akazimwagia juisi ya matufaha.

Hakusema kitu, nami sikusema.

Halafu ikaja kazi yenyewe. Alitandika kitambaa cheupe meza nzima, akakinyunyizia unga. Akanivua bangili mwenyewe, moja moja, akaziweka kwenye kisahani, maana chuma kikigusa unga ule umetoboka. Nikausukuma kidogo kwa mti, kisha akaniongoza kuingiza mikono chini yake, viganja vikitazama chini, na kuuvuta kwa migongo ya mikono kutoka katikati kwenda nje. Unavuta kidogo, unasogea, unavuta tena, ukiizunguka meza. Manda za sambusa nimezitengeneza tangu utotoni, lakini manda hushika moto wa chuma ndipo zikabanduliwa. Huu ulikuwa mbichi, una uzito wake, unashuka wenyewe ukizembea. Ulipofika ukingoni mwa meza nikaiona mishipa ya mikono yangu kupitia unga. Oma akaupenyeza ukurasa wa gazeti chini yake, ukurasa wa matangazo ya vifo, ndio aliokuwa akiusoma asubuhi. Akaniashiria nisome. Nikasoma jina la mtu nisiyemjua, mwaka aliozaliwa, mwaka aliofariki, herufi moja baada ya nyingine. Akaitikia kwa kichwa.

(Vienna, mji mkuu wa Austria, wanalo pishi la strudel lililoandikwa kwa mkono mwaka 1696, limetunzwa katika maktaba ya mji, na wanahistoria wa mapishi huutaja mkono wa Waturuki katika unga wa kuvutwa hivi. Hayo niliyasoma baadaye. Oma hakunisimulia historia yoyote.)

Mengine yalikwenda haraka: chenga, matufaha, sukari, mdalasini, zabibu, kingo nene zikakatwa, kitambaa kikanyanyuliwa upande mmoja na strudel ikajiviringisha yenyewe. Ikaingia kwenye trei yenye kina, ikamwagiwa maziwa ya moto kama wafanyavyo Bavaria, ikaokwa.

Alasiri wakaja wageni wake wa kahawa. Mmoja wao, mama wa makamo, alionja, akauliza ramu iko wapi.

"Imeisha," akasema Oma.

Chupa niliiona kwa macho yangu. Ilikuwa imejaa hadi shingoni.

Siku nyingine naamini alinistiri, hakutaka nigeuzwe mazungumzo ya meza nikiwa nimekaa palepale. Siku nyingine naona hakutaka watu wale wajue kwamba kwa ajili yangu alibadili pishi la mama yake, na hilo huniuma kidogo mpaka leo. Pengine yote mawili.

Vuli iliyofuata alizimwagia zabibu juisi tena, bila kuitoa chupa. Wageni walikuwa walewale, na safari hiyo hakuna aliyeuliza.