Makanisa ya pwani ya Suffolk: yaliyoliwa na bahari na yaliyopunguzwa na wenyewe

Katika uwanja wa kanisa la Mtakatifu James kijijini Dunwich, mkoani Suffolk, mashariki mwa Uingereza, kuna nguzo nene ya mawe iliyosimama peke yake kwenye majani. Haishikilii chochote. Zamani ilikuwa ikiegemeza kona ya mnara wa kanisa jingine kabisa, Watakatifu Wote, lililokuwa juu ya ukingo wa bahari. Ukingo ulilifikia kanisa hilo mwaka 1904. Kuanzia hapo likawa linadondoka kipande kwa kipande, hadi mnara nao ukaanguka ufukweni mwaka 1919. Watu wakaiwahi nguzo hii moja, wakaihamishia bara na kuijenga upya miaka ya 1920. Niliizunguka mara kadhaa nikiishika. Kati ya makanisa yote ya parokia ya mji ule wa kale, ndiyo pekee bado inasimama wima juu ya nchi kavu.

Shangazi yangu anayeishi Ipswich ndiye aliyenipeleka kwa gari lake. Ni Mlutheri wa Moshi na amekuwa mzee wa kanisa miaka mingi, kwa hiyo hakuyaangalia magofu kama mimi. Mimi nilitafuta historia, yeye alipiga hesabu za matengenezo.

Dunwich ya leo ni nyumba chache, baa moja, mkahawa wa samaki na chipsi, na jumba dogo la makumbusho. Dunwich ya mwaka 1086 ilikuwa miongoni mwa miji mikubwa ya mashariki mwa Uingereza. Ilikuwa na makanisa 3, na kila mwaka ilimpelekea mfalme samaki aina ya heringi 68,000. Makanisa yakaendelea kuongezeka: Leonard, John, Martin, Nicholas, Peter, Watakatifu Wote. Kisha dhoruba za miaka ya 1280 zikaupiga mji, na ile ya 1328 ikaziba mlango wa bandari kwa mchanga na kokoto. Bandari ikishazibwa, wafanyabiashara huhama, na parokia isiyo na watu haiwezi kulilinda kanisa lake. Bahari ilifuata nyuma taratibu, ikamalizia.

Mabaki ya makanisa hayo sasa yako chini ya maji. Wapiga mbizi walianza kuyachunguza miaka ya 1970, na baadaye watafiti wa Chuo Kikuu cha Southampton wakayapima kwa vyombo vya sauti, kwa sababu maji ya pale yamejaa tope na macho hayaoni kitu. Kwenye jumba la makumbusho nilikaa muda mrefu mbele ya picha za zamani za Watakatifu Wote. Katika picha moja kanisa lina kuta zote, katika nyingine upande wa altare haupo, katika nyingine umebaki mnara tu. Makaburi yake nayo yalikwenda hivyohivyo, na mifupa ya waumini ikawa inachomoza kwenye udongo wa ukingo. Nikiri kwamba hilo lilinisumbua kuliko kuta.

Katika uwanja huohuo wa Mtakatifu James usikose kuona ukuta wa nusu duara wenye matao madogo. Ni mabaki ya kanisa la hospitali ya wagonjwa wa ukoma, la karne ya 12. Wagonjwa hao waliwekwa nje ya mji, mbali na bahari, ili wasichanganyike na watu. Mji uliowatenga umezama, na kanisa lao lingali na ukuta.

Kutoka hapo tulizunguka kwa barabara hadi kijiji cha Walberswick. Hapa bahari haina lawama. Kanisa la Mtakatifu Andrew lilibomolewa na waumini wake wenyewe. Mkataba wa kujenga mnara wake, wa mwaka 1426, upo hadi leo. Mafundi walikuwa wawili, mmoja wa Dunwich na mwingine wa Blythburgh. Walikubaliana kulipwa shilingi 40 kwa kila yadi ya mnara, pamoja na pipa la heringi kila mwaka na joho kwa kila mmoja. Kanisa kubwa lilikamilika mwishoni mwa karne hiyo. Miaka 200 baadaye biashara ya samaki na meli ilikuwa imedorora, watu wamepungua, na paa linavuja. Mwaka 1695 wakapata kibali cha kulibomoa, wabakize mnara na ubavu wa kusini tu. Leo unaingia kwenye ibada ukipita katikati ya kuta zisizo na paa.

Kuta hizo zitazame kwa karibu. Suffolk haina mawe mazuri ya ujenzi, kwa hiyo waashi walitumia gumegume, jiwe gumu ambalo likipasuliwa ndani huwa jeusi na linang'aa kama kioo. Wamelipanga kwenye chokaa, na anayezijua kuta za matumbawe za Kaole ataielewa kazi hiyo mara moja. Ila gumegume halikubali kuchongwa kona. Kona, madirisha na milango vilihitaji mawe yaliyoletwa kutoka mbali kwa gharama kubwa. Kanisa likiachwa, mawe hayo ndiyo huchukuliwa kwanza, maana yanafaa kwa nyumba yoyote. Ndiyo sababu magofu mengi ya huku yana kingo zilizotafunwa huku katikati ya ukuta kukiwa salama.

Kijiji cha Covehithe ndiko nilikotaka kufika tangu mwanzo. Unatokea kijiji cha Wrentham kwa barabara nyembamba kati ya mashamba, halafu unakutana na kanisa lenye madirisha marefu, matupu, mbingu ikionekana upande wa pili. Ndani ya kanisa hilo kuna kanisa jingine, dogo, limepakana na mnara, lina kuta zilizochanganya tofali na mawe ya kale, na paa la matete. Walilijenga mwaka 1672, waliposhindwa kulihudumia lile kubwa. Birika la ubatizo la karne ya 15 wakaliingiza humo. Mnara wakauacha, na mabaharia wakaendelea kuutumia kama alama.

Shangazi alisimama mlangoni akaangalia juu, kisha ndani.

"Hawa walikuwa na akili, mwanangu. Paa ndilo linalomaliza sadaka. Wewe fikiria paa la hili kubwa, kwa usharika wa watu wangapi?"

"Lakini shangazi, hukusikitika hata kidogo?"

"Nisikitike nini, na wanasali?"

Ni kweli, ibada bado zinafanyika humo. Mimi nilisikitika, na bado nasikitika, ila alinifanya niwaheshimu wanakijiji wale. Na haikuwa mara yao ya kwanza kujiamulia. Mwaka 1644 alifika William Dowsing, mjumbe wa Wapuritani, Waprotestanti wenye msimamo mkali, aliyetumwa kuvunja picha na sanamu makanisani. Katika shajara yake aliandika kwamba alivunja picha 200 hapa, na kwamba nyingine za madirishani hakuzifikia, na wenyeji walikataa kumsaidia kusimamisha ngazi. Akaacha amri zivunjwe ndani ya siku 14. Nilipoyatazama madirisha yale yalivyo juu, nikawaona waziwazi, wamekunja mikono.

Barabara ya Covehithe inapita kando ya kanisa na kukatika ghafla ukingoni. Lami inaning'inia, na chini ufukweni imelala miti iliyoanguka na mizizi yake. Ukingo huu wa mchanga ni kati ya kingo zinazoliwa kwa kasi zaidi Uingereza, mita kadhaa kwa mwaka, na kanisa liko umbali wa kutembea kwa dakika chache tu. Magofu yanatunzwa na mfuko wa taifa wa makanisa yaliyoachwa, lakini hakuna mfuko wa kuizuia bahari.

Ukienda, anzia Dunwich uishie Covehithe, si kinyume chake. Njia ya ufukweni kutoka mji wa Southwold hadi Covehithe inapitika maji yakiwa yamekupwa tu, na usitembee chini ya ukingo baada ya mvua. Mlango wa kanisa dogo tuliukuta wazi.