Kinyago Kimoja, Hali Nzuri

Mchongaji alikasirika. Nilikuwa nimemwomba anipe kinyago kibaya kuliko vyote alivyonavyo, naye akaweka patasi chini na kunitazama kama mtu aliyetukaniwa mama yake.

"Kaka, mimi sichongi kibaya. Ukitaka kibaya kachonge mwenyewe."

Ilikuwa Novemba 2016. Nilikuwa afisa vifaa na takwimu wa elimu msingi katika halmashauri moja ya kusini mwa Tanzania, kule kwenye mikorosho. Jina la wilaya naliacha. Wengi tuliokuwa nao bado wako kazini. Matokeo ya darasa la saba yalikuwa yameshatoka, na kikao cha tathmini kilikuwa keshokutwa. Agizo lilitoka kwa kiongozi ambaye si wa idara yetu: shule tatu za kwanza zipewe vyeti na mpira mmoja mmoja, ya mwisho ipewe kinyago, na mwalimu mkuu akakiweke mezani kwake mpaka atakapokiondoa kwa ufaulu. Msidhani tuliyabuni sisi. Mtindo huo wa kugawa vinyago ulikuwepo katika wilaya kadhaa nchini, na kuna waliouona kuwa hamasa.

"Ni cha nani, kwani?" mchongaji aliuliza.

"Cha mwalimu."

"Si ungesema."

Akainuka, akapekua nyuma ya magunia, akatoka na mzee wa mpingo aliyeinamia fimbo, urefu wake kama kutoka kiwiko hadi ncha ya vidole. Alimpaka rangi nyeusi ya viatu, akamsugua kwa kipande cha khanga mpaka akang'aa. Bei ilikuwa 45,000. Akanishushia hadi 30,000 kwa heshima ya walimu, maana, alisema, wao ndio waliomfundisha kuandika jina analolichonga chini ya kila kazi yake. Nililipa, nikaondoka sikumwambia chochote. Kwenye hati ya malipo fedha ile iliandikwa viburudisho.

Bosi wangu, Afisa Elimu Msingi wa wilaya, tulimwita Mama tu. Alikuwa amefundisha hisabati kwa miaka mingi kabla ya kupewa ofisi, na ofisini humo hesabu ilibaki kuwa lugha yake. Kila mwezi ruzuku ikiingia, alikuwa anakuja mezani kwangu kabla hajanywa chai, anavuta kiti, tunapitia shule moja moja. Hesabu yenyewe ni fupi. Tangu Januari ya mwaka ule, baada ya Waraka Namba 5 wa 2015 kufuta ada na michango, Hazina ilikuwa inapeleka ruzuku moja kwa moja kwenye akaunti za shule. Kiwango kilikuwa shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka. Kati ya hizo 4,000 zilibaki juu kwa ajili ya vitabu, 6,000 zilishuka shuleni. Gawa kwa miezi kumi na miwili, unapata mia tano.

"Soda moja," Mama alikuwa anasema, "na chupa unarudisha."

Kilichomuuma zaidi ni kwamba hiyo 10,000 ilikuwa ya zamani. Iliwekwa wakati wa MMEM, mpango wa maendeleo ya elimu ya msingi ulioanza 2002, dola ya Marekani ikiwa karibu shilingi elfu moja. Mwaka 2016 dola imevuka elfu mbili, kiwango kimekaa palepale, na darasa la kwanza limefurika mpaka watoto wanakaa kwenye mizizi. Na hakuwa mtu wa kupinga elimu bila ada. Nilimwona mwenyewe Januari ile akishika mikono ya wasichana wawili, wa miaka tisa na kumi, akiwapeleka kuandikishwa darasa la kwanza kwa sababu hatimaye baba yao amekubali. Alichotaka ni kwamba anayeleta mzani alete na pumba. Ng'ombe hanenepeshwi siku ya mnada.

Usiku wa kuamkia kikao tulikuwa ofisini mpaka saa nne. Nilikuwa nimeandaa jedwali la shule zote 87, kutoka ya kwanza hadi ya mwisho, na yeye akaniagiza niongeze safu mbili: idadi ya walimu, na ruzuku iliyopokelewa kwa mwezi. "Wanaotaka kuona namba waone zote," alisema. Nikaongeza.

Asubuhi saa moja na nusu simu ikaita. Msaidizi wa yule kiongozi. Aliuliza kwa upole kabisa kama jedwali langu lina mambo mengine nje ya ufaulu, kisha akasema mgeni rasmi hana muda wa mambo mengi. Ni hivyo tu. Hakunitisha. Nami nikafungua kompyuta, nikabofya mara mbili, safu zikajificha. Nilikuwa na mkopo benki na mtoto wa miezi minne. Naandika hivyo si kwa kujitetea, ila ndivyo nilivyowaza wakati kidole kiko kwenye kitufe.

Ukumbini ulikuwa ule mpangilio wa kawaida: meza kuu ina kitambaa na chupa za maji, walimu wakuu kwenye viti vya plastiki, joto la Novemba. Jedwali likawekwa ukutani. Shule za juu zikapigiwa makofi. Kadiri tulivyoshuka, watu walianza kuchezea kalamu. Mama alitazama ukuta, akanitazama mimi, akarudi kutazama ukuta.

Alipopewa nafasi alisimama bila karatasi.

Alimwomba mwalimu mkuu wa shule ya 87 aseme ana wanafunzi wangapi. Mzee alisimama, kofia mkononi. Alikuwa amebakiza mwaka mmoja na ushee kustaafu. "486, Mama." Walimu? "Watano, na mimi humo." Vyumba? "Vitatu." Watahiniwa wa darasa la saba walikuwa 41, wakafaulu tisa.

"486 mara mia tano," Mama alisema, "ni 243,000. Hiyo ndiyo shule nzima kwa mwezi: chaki, karatasi, kitasa, dawa ya choo, nauli ya kufuata barua wilayani. Sasa mtihani wa utimilifu wa wilaya tulimtoza mtoto 3,000. Wa mkoa 3,000. Kwa watoto 41 ni 246,000. Zamani walilipa wazazi. Leo mwalimu mkuu akikutwa na daftari la michango anavuliwa madaraka. Kwa hiyo mwezi mzima wa watoto 486 umekwenda kuwajaribu watoto 41 mara mbili, na elfu tatu anadaiwa. Hapo sijataja mitihani ya ujirani mwema. Tumempima mpaka tukamla chakula."

Walimu hawakupiga makofi. Nyuma mtu mmoja alikohoa, mwingine akasema "eeh" kwa sauti ya chini, lile eeh la msibani.

Mgeni rasmi aliwasha kipaza sauti. "Mama, hatukuja hapa kulia njaa. Wenzenu wanapata hiyohiyo mia tano na wamefaulu." Jambo hilo lilikuwa kweli, kwa namna yake. Shule ya kwanza ilikuwa mjini, kando ya barabara ya lami, ina walimu ishirini na wawili. Safu iliyoonyesha hivyo ilikuwa imejificha kwenye kompyuta yangu.

Basi kinyago kikatolewa kwenye mfuko. Itifaki ilitaka Afisa Elimu amkabidhi. Nilifikiri atakataa, na naona hata yeye alifikiri hivyo kwa kitambo, maana alikishika muda mrefu. Kisha akamwendea yule mzee, na kabla ya kumpa akapiga goti kidogo. "Shikamoo, mwalimu." "Marahaba, mwanangu." Alikipokea kwa mikono miwili, kama mtu anavyopokea chochote kutoka kwa mkubwa wake wa kazi. Kikatoa mng'aro. Kuna aliyecheka, akanyamaza.

Watu walipotawanyika mzee alinifuata kwenye gari la idara. Nilidhani anakuja kulalamika.

"Afisa vifaa, hiki nakipokea kwa hati gani?"

Sikumwelewa.

"Mali inaingia shuleni kutoka wilayani. Wakaguzi wakija wakaikuta haimo kwenye leja, nitajibu nini?"

Hakuwa anatania, miaka karibu arobaini kazini, hajawahi kupokea hata boksi la chaki bila saini. Nikatoa kitabu cha hati juu ya boneti. Aina: kinyago. Idadi: moja. Tulipofika kwenye thamani kalamu ikasimama, maana kwenye vitabu vyetu kitu kile kilikuwa soda na biskuti. Nikaweka kistari. Alikitazama kile kistari, akasaini.

Njiani kurudi Mama alikaa mbele, kimya. Tulipofika kwenye mzunguko aliuliza bila kugeuka, "Zile safu mbili zilikwenda wapi?" Nikasema kompyuta iligoma. Akasema "Haya." Hakuniuliza tena, wala mimi sikuwahi kumwambia. Mwaka uliofuata alihamishiwa mkoa mwingine. Baraza la Mitihani lilipoacha kutangaza shule bora kitaifa, kwenye matokeo yaliyotoka Januari 2023, nilishika simu nimpigie, nikaona nitaanzia wapi.

Machi 2017 nilikwenda kuhakiki vifaa kwenye shule ile. Kinyago hakikuwa mezani kwa mwalimu mkuu. Kilikuwa juu ya kiti cha mbele, darasa la sita, na watoto kama themanini walikuwa wanakichora, wengine kwenye madaftari, waliokosa daftari wanachora sakafuni kwa vipande vya mkaa. Nikafungua leja. Baina ya meza za walimu mbili na majembe manne palikuwa na mwandiko wa mzee, wima, wa kizamani: Kinyago cha mpingo, 1. Kutoka: wilayani. Hali: nzuri. Matumizi: stadi za kazi.

Nikasaini pembeni kwamba nimekiona. Mzee akachukua leja yake, akaifunga, akachungulia nyuma ya gari.

"Chaki mmeleta?"