Nani Alikukataza?

Kwa miaka sita nilikuwa karani wa stoo pale Mwanga, Kigoma mjini. Mtu akiniuliza kwa nini siachi nikaenda kutengeneza maboti, jibu nilikuwa nalo mdomoni: "Mzee hataki." Watu wananionea huruma, na mimi huruma yao naipokea bila haya.

Kila Jumamosi nilipanda daladala hadi Ujiji, nikashinda ufukweni kwa fundi mmoja. Kazi yangu ilikuwa kalafati: unasokota pamba, unaichovya kwenye mawese, unaishindilia kwa patasi katikati ya mbao. Pamba ikikaa sawasawa, mlio wa nyundo hubadilika. Ule mdundo mzito unakuwa mkavu, mwembamba. Fundi alikuwa akinipa mgongo, anakula mhogo wake. Nikikosea, anasema "Rudia" bila kugeuka.

Jioni moja ya mwaka 2013 nilikwenda kwa baba, palepale Ujiji. Mwezi ulikuwa mpevu na wavuvi wa dagaa wamepumzika, maana taa zao hazifui dafu mbele ya mbalamwezi. Njia nzima nilikuwa narudiarudia maneno ya ugomvi. Nikamkuta chini ya mwembe, redio mapajani.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Mbona katikati ya wiki?"

Nikamwaga yote: kazi siipendi, nataka maboti, umri unakwenda, yeye ndiye amenifunga. Akapunguza sauti ya redio.

"Nani alikukataza?"

"Wewe, baba."

"Lini?"

Nikatafuta. Kweli nilitafuta, kama mtu anayepapasa funguo mfukoni akijua kabisa aliziweka. Nilichopata ni neno moja alilosema nilipomaliza kidato cha nne.

"Ulisema kazi ya ofisini ina pensheni."

"Sasa haina?"

Nilinyamaza. Miaka sita nilikuwa nimejibanza nyuma ya mzee wa watu, naye hana habari.

Baba ni mstaafu wa reli, na kwake kila mazungumzo huishia kwenye Liemba, meli kongwe ya Ziwa Tanganyika. Hata haya. "Wajerumani waliizamisha wenyewe, 1916," akasema, "lakini mashine walizipaka grisi kwanza. Ndiyo maana Waingereza walipoiibua 1924 ilifaa tena. Wewe grisi umejipaka, mwanangu? Au unaota kutu tu?" Akacheka peke yake, akaongeza sauti ya redio.

Ningependa kusema niliandika barua ya kuacha kazi kesho yake. Wapi! Ilinichukua miezi minne mingine, na hiyo ndiyo iliyokuwa migumu kuliko miaka yote sita, kwa sababu asubuhi nikifungua stoo sikuwa na wa kumsingizia. Mke wangu ndiye aliyenunua bahasha.

Jumatatu ya kwanza nilifika ufukweni jua halijapanda. Fundi akanitazama, kisha akatazama ziwa.

"Leo si Jumamosi."

"Najua, fundi."

Akanirushia patasi.