Nilivyopima malaria inavyosambaa, Muheza bondeni na Lushoto milimani

Kazi yangu ilikuwa kulinganisha vijiji vya mkoa wa Tanga, Tanzania, vingine viko chini Muheza kwenye joto, vingine juu Lushoto kwenye baridi, nijue malaria inasambaa kirahisi wapi. Watu wengi ukiwauliza watakwambia angalia tu palipo na mbu wengi. Mama mmoja bondeni alinipokea hivi, "karibu mwanangu, ila huku mbu wanatubeba", na kweli mtego wa taa niliouning'iniza pembeni ya kitanda chenye chandarua ulijaa, sasa asubuhi kuwachambua karibu wote ni kuleksi, wale wa vyooni wapiga kelele, hao pwani wanaeneza matende na mabusha lakini malaria hapana. Nyumba ya jirani mbu walikuwa wachache ila ni anofelesi, wale wanaoeneza malaria, na hao wachache ndo wa kuogopwa.

Basi anofelesi tukawatenga, vichwa na vifua vikaenda maabara kuangaliwa vimelea. Ukichukua idadi ya mbu wanaomng'ata mtu kwa usiku ukazidisha na sehemu yao yenye vimelea unajua mtu anang'atwa mara ngapi na mbu mwenye malaria. Bondeni hesabu hiyo inakubali, milimani inagoma, anofelesi wenyewe wa kutafuta na unaweza ukakesha usimpate hata mmoja mwenye vimelea.

Hapo nikashika umri wa mbu, na kwa kweli ndo kitu kinachoamua kuliko wingi wao. Mbu akinyonya damu yenye vimelea leo haambukizi kesho, lazima vikomae kwanza ndani yake, kwenye joto la nyuzi 25 ni kama siku 12, nyuzi 20 inafika kama siku 28, ikishuka mpaka 16 havikui kabisa. Sasa je, ataishi siku zote hizo? Unamweka jike kwenye slaidi na tone la maji, unavuta ncha ya tumbo kwa sindano taratibu mpaka ovari zitoke, unaziacha zikauke, halafu kwenye hadubini unaona vijinyuzi vya kupitisha hewa, vikiwa vimejikunja hajawahi kutaga, vikiwa vimenyooka ameshataga, yaani umri wake ni mkubwa.

Tuseme 70 kati ya 100 wameshataga na wanataga kila baada ya siku 3, yaani kila siku 3 zikipita wanabaki hai 70 kati ya kila 100. Wanaofikisha siku 12 ni kama 24 kati ya 100, wanaofikisha 28 hawafiki 4. Mbu ni walewale, nyuzi 5 tu za joto zimebadilisha kila kitu! Ndo maana kipimajoto nilikuwa naweka ndani ya nyumba anapopumzika mbu, kwenye nyumba yenye jiko la kuni ndani joto ni tofauti kabisa na la nje.

Na huko juu kila anayekutwa na malaria muulize amelala wapi wiki mbili tatu zilizopita, watu wanashuka Mombo na Korogwe kwa biashara na kilimo wanarudi nayo, hao usipowatenga utasema kijiji kinaambukizana kumbe ugonjwa umepanda na gari.